Umeuziwa nadharia kwamba mshahara wako Marekani hautozwi kodi? Namna ya kuipima na namna ya kujitoa

Kubishana na IRS, mamlaka ya kodi ya shirikisho la Marekani, ni haki ya kila mlipakodi, na nchi hiyo ina mahakama nzima iliyowekwa kwa kazi hiyo. Ila ubishi uko wa aina mbili. Wa kwanza ni wa hesabu: mtoto huyu namlea mimi, gharama hii ya lori nililipa kweli, fomu hii ya 1099 (taarifa ya malipo yasiyo ya mshahara) imeandikwa kiasi nisichopokea. Wa pili ni wa kusema kodi yenyewe haipo, hainihusu, au ni ya hiari. Ubishi wa kwanza watu huushinda kila siku. Wa pili hakuna mahakama ya rufaa ya shirikisho iliyoukubali, na sheria imeuwekea adhabu kwa kule kuuleta tu, hata deni likiwa dogo.

Mwongozo huu ni wa msemaji wa Kiswahili anayefanya kazi Marekani, awe na uraia, grin kadi au hadhi ya ukimbizi, aliyeletewa nadharia ya namna hiyo, au ambaye tayari ameshatuma karatasi zake.

Pima kabla ya kutia saini

Anayekuuzia nadharia mwombe namba ya kifungu, kisha ukisome kifungu chote, si ule mstari alioukata. Tovuti ya Chuo cha Sheria cha Cornell huweka sheria zote za shirikisho bure.

Chukua nadharia maarufu ya kifungu cha 861 cha sheria ya kodi ya shirikisho. Muuzaji anakuambia kifungu hicho kinaorodhesha mapato yanayotozwa kodi, na kwamba kanuni zake zinataja wageni na kampuni zenye mapato ya nje, kwa hiyo mfanyakazi wa Ohio au Kentucky hahusiki. Fungua kifungu chenyewe. Kazi yake ni kueleza mapato gani yahesabiwe kuwa yametoka ndani ya Marekani, jambo linalomhusu zaidi mgeni asiye mkaazi, kwa kuwa huyo hutozwa hasa kwa mapato ya ndani. Shuka hadi aya ya (a)(3): malipo ya kazi iliyofanyika ndani ya Marekani ni mapato ya ndani. Yaani kifungu kilekile unachoambiwa kinakutoa ndicho kinachokutia. Na kabla ya hapo kuna kifungu cha 1 kinachoweka kodi, cha 61 kinachosema mapato ni yote kutoka chanzo chochote, malipo ya kazi yakitajwa kwanza kabisa, cha 6012 kinacholazimisha ritani (fomu ya kila mwaka ya kutangaza mapato), na cha 6151 kinacholazimisha kulipa. Muuzaji huwa havitaji hivyo vinne.

Jambo la pili, muulize: nani alishinda, mahakama gani, mwaka gani? Jibu likija, angalia ilikuwa kesi ya jinai au ya deni. Hapo ndipo wengi huchezewa. Vernice Kuglin, rubani wa FedEx, mwaka 2003 baraza la wazee wa mahakama huko Memphis lilimwachia huru katika mashtaka ya kukwepa kodi, na jina lake bado linazungushwa kama ushahidi kwamba sheria haipo. Wasichokuambia ni kwamba deni lilibaki palepale, na baadaye akakubali kulipa. Katika jinai, serikali lazima ithibitishe kwamba ulijua wajibu wako ukaukataa kwa makusudi. Katika deni, haihitaji kuthibitisha hilo.

Kesi inayotajwa kuliko zote ni ya John Cheek, rubani wa American Airlines, iliyofika Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1991. Mahakama ilisema mtu aliyeielewa sheria vibaya kwa dhati anaweza kujitetea kwamba hakukusudia. Ikaongeza palepale kwamba kuamini sheria ya kodi inakiuka Katiba si utetezi, maana mtu hawezi kuamini hivyo bila kwanza kuijua sheria. Cheek alishtakiwa upya na akatiwa hatiani. Kwa hiyo yule anayekupa mafaili ya kesi ili "uwe na imani ya dhati" anakuongezea ushahidi dhidi yako: kila hukumu uliyoisoma na kila barua ya IRS uliyoipokea inaonyesha ulijua.

Jambo la tatu, tafuta tangazo la IRS namba 2010-33. Hiyo ni orodha rasmi ya hoja za kipuuzi. Hoja yako ikiwemo, adhabu ya kifungu cha 6702 inakusubiri.

Zinazouzwa zaidi

*Mshahara si mapato, ni kubadilishana jasho kwa pesa.* Kifungu cha 61 kimeshajibu. Majaji hawapotezi muda hapa. Mwaka 1984 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tano, katika kesi ya Crain, ilisema wazi kwamba haioni haja ya kuzijibu hoja hizi kwa hoja nzito na rundo la hukumu, kwa sababu kufanya hivyo kungezipa sura ya kuwa na uzito. Tangu hapo wauzaji husema "jaji alishindwa kunijibu". Hakushindwa; alikataa.

*Marekebisho ya 16 ya Katiba hayakuridhiwa kihalali.* Yaliridhiwa mwaka 1913. Kuna wanaohesabu makosa ya herufi katika nakala za majimbo, na wanaosema Ohio haikuwa jimbo kamili hadi mwaka 1953. Zote zimeshatupwa mahakamani. Brushaber, kesi ya mwaka 1916 ambayo wao wenyewe hupenda kuinukuu, iliithibitisha kodi hiyo; mlalamikaji alishindwa.

*Kodi ni hiari.* Neno hilo limo kweli katika hukumu ya Flora ya mwaka 1960. Maana yake hapo ni kwamba mlipakodi hujikadiria mwenyewe kwanza, badala ya serikali kuja kukamata mali. Halisemi ukiacha utaachwa.

*Texas haina kodi ya mapato.* Hii ni kweli, na Florida, Tennessee na Washington pia hazitozi mshahara. Lakini ni kodi ya jimbo hiyo. Ya shirikisho iko palepale. Tunaitaja kwa sababu mtu aliyehamia kutoka jimbo lenye kodi huanza na ukweli huu mdogo, halafu anauziwa uwongo mkubwa juu yake.

*Serikali ina akaunti ya siri kwa jina lako la herufi kubwa.* Hapa mtu hujaza fomu ya 1099-OID akidai benki imemkata kodi sawa na madeni yake yote, kisha anaomba arudishiwe. Hii imeshavuka mpaka wa nadharia: ni dai la uongo dhidi ya serikali, na kifungo chake hufika miaka 5. Ukiona fomu ya aina hii kwenye ritani yako, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya wakili hapa chini.

*Wewe si mkaazi, ni raia huru wa jimbo, au Mmoor mwenye mkataba.* Wengine huleta mkataba wa amani wa karne ya 18 kati ya Marekani na Moroko, hasa wakimlenga Mwafrika. Mkataba huo haugusi kodi ya mapato. Na ukisikia "mkataba wa kodi na nchi yako", jua hivi: Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi wala Kongo. Barani Afrika inayo na Misri, Moroko, Tunisia na Afrika Kusini.

Nadharia hii ya mwisho ndiyo ya hatari zaidi kwa mhamiaji, na hatari yenyewe haiko IRS. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza kama, tangu upate ukaazi wa kudumu, umewahi kujiita mgeni asiye mkaazi kwenye ritani, au kuacha kufaili kwa kujiona hivyo. Mwenye grin kadi aliyetuma fomu 1040-NR, ritani ya mgeni asiye mkaazi, ili kuokoa dola elfu chache amejiandikia mwenyewe kwamba aliuacha ukaazi. Halafu kuna kesi ya Kawashima ya mwaka 2012: Mahakama Kuu iliamua kwamba kutia saini ritani ya uongo, ikiwa hasara ya serikali imezidi dola 10,000, ni kosa kubwa la kumfukuzisha nchini hata mkaazi wa kudumu. Raia aliyezaliwa Marekani akicheza mchezo huu anahatarisha pesa na kifungo. Wewe unaongeza na tiketi ya kurudishwa.

"Mbona mwenzangu alilipwa?"

Swali hili ndilo linalouza nadharia kuliko Katiba yote. Na ni kweli, wengine hulipwa. Mfumo wa IRS umejengwa kurudisha pesa haraka na kuhakiki baadaye. Ritani yenye sifuri kwenye mstari wa mshahara ikipita chujio la kwanza, pesa hutoka. Nakala ya W-2 (taarifa ya mshahara wa mwaka) aliyotuma mwajiri italinganishwa nayo baada ya miezi, pengine mwaka mzima.

Peter Hendrickson wa Michigan, mwuzaji mkubwa wa nadharia hii, alirudishiwa kodi yake ya 2002 na 2003 kwa njia hiyohiyo. Serikali ilimshtaki, mahakama ikamwamuru azirudishe, na mwaka 2009 akatiwa hatiani kwa kujaza hati za uongo, akahukumiwa miezi 33. Picha ya hundi kwenye kundi la WhatsApp inaonyesha hatua ya kwanza tu.

Sasa tuingie kwenye tarakimu, maana watu wengi hawajawahi kuziona zimewekwa pamoja. Mfanyakazi wa ghala, hajaoa, W-2 yake ya mwaka 2024 ina dola 48,000. Ondoa makato ya kawaida, 14,600. Inabaki 33,400. Dola 11,600 za mwanzo ni asilimia 10, yaani 1,160. Zilizobaki 21,800 ni asilimia 12, yaani 2,616. Kodi ya mwaka: dola 3,776.

Akituma ritani ya sifuri, huwa anaambiwa adai pia Social Security na Medicare, asilimia 7.65, yaani 3,672. Anaomba arudishiwe 7,448. Adhabu ya kifungu cha 6702 ni dola 5,000. Tayari imezidi kodi yake yote ya mwaka. Akiwa ameoa na wametia saini pamoja, kila mmoja anaweza kutozwa 5,000 yake. Pesa zikiwa zilishatoka, atazirudisha na riba, na anaweza kuongezewa asilimia 20 kwa kudai kisicho chake.

Aliyechagua kutofaili kabisa, baada ya kuandika kwenye W-4 (fomu inayomwambia mwajiri akate kodi kiasi gani) kwamba amesamehewa ili mwajiri asimkate, ana hesabu nyingine. Kuchelewa kufaili ni asilimia 5 ya deni kwa mwezi, na kuchelewa kulipa ni nusu asilimia, ila zikienda pamoja ile ya kwanza hushuka hadi 4.5. Miezi mitano ni asilimia 25: dola 944 juu ya 3,776, kabla ya riba. IRS ikithibitisha udanganyifu, kuchelewa kufaili huwa asilimia 15 kwa mwezi hadi 75, yaani dola 2,832. W-4 ya uongo peke yake ina faini ya 500. Na kwa aliyekaa kimya hakuna muda wa kusahaulika. Bila ritani, ukomo wa miaka mitatu wa IRS kukukadiria hauanzi kuhesabiwa, hata ipite miaka ishirini.

Kujitoa

Usichome kitu. Barua za mwuzaji, risiti za semina, ritani ulizotuma, bahasha zenye mihuri ya posta, vyote viweke kwenye faili moja. Kuviharibu ni kosa jipya, na pia ndivyo vitakavyoonyesha kwamba uliongozwa na mtu. Acha kutuma barua za mfano ulizopewa, hasa zile za "naomba unionyeshe sheria inayonilazimisha".

Kisha amua kama unaanza na wakili au na mhasibu. Anza na wakili wa kodi za jinai ikiwa umetembelewa na maofisa wenye beji wa kitengo cha upelelezi wa jinai cha IRS (kwa kawaida huja wawili), umepata hati ya kuitwa mbele ya baraza kuu la mashtaka, au ulijaza fomu za uongo kama ile ya 1099-OID. Siri unazomwambia mhasibu hazilindwi katika kesi ya jinai. Za wakili zinalindwa. Kwa maofisa jibu ni fupi na la heshima: nitazungumza kupitia wakili wangu. Ofisa wa ukusanyaji wa madeni ni mtu tofauti. Huyo anataka pesa na ritani, na kumkwepa kunaharibu zaidi.

Usipokuwa katika hali hizo, fuata mpangilio huu.

1. Fungua akaunti kwenye tovuti ya IRS au tuma fomu 4506-T, uchukue taarifa ya mishahara na mapato ya kila mwaka, pamoja na taarifa ya akaunti. Ya kwanza inaonyesha kila W-2 na 1099 waliyonayo juu yako. Kwenye ya pili tafuta namba 150 (ritani imeingizwa na kodi kukadiriwa), 846 (pesa ilirudishwa) na 570 (imezuiwa). Wengi huishia hapo wakidhani wamepona: adhabu ya 5,000 haikai kwenye akaunti ya 1040 (ritani ya kawaida), ina ukurasa wake wa adhabu za kiraia. Iombe kwa jina hilo.

2. Mpe mwajiri W-4 sahihi leo hii. Ukichelewa, IRS inaweza kumwandikia mwajiri barua ya 2800C inayomwamuru akukate kwa kiwango wanachokitaka wao, kuanzia siku 60 baada ya tarehe ya barua, na huwezi kushusha bila idhini yao.

3. Kama umepokea barua ya 3176C, inayokuonya kwamba ritani yako ni ya kipuuzi, angalia tarehe iliyo juu. Una siku 30. Ritani sahihi ikifika ndani ya muda huo, adhabu ya 5,000 haitozwi. Hii ndiyo nafasi ya bei rahisi kuliko zote katika safari hii, na wauzaji huipoteza kwa makusudi wakikushauri ujibu kwa kurasa 20 za hoja. Itume kwa anwani iliyo kwenye barua, si ile ya kawaida ya ritani, kwa posta yenye risiti, na ubaki na nakala.

4. Ritani hiyo iwe safi. Andika mshahara kama ulivyo kwenye W-2. Usiambatanishe maelezo. Na chunga sehemu ya saini kuliko sehemu nyingine yoyote: ukikata maneno ya kiapo, ukiongeza "bila kuathiri haki zangu" au namba za sheria ya biashara ya UCC 1-308 kama wanavyofundishwa watu, ritani inahesabiwa haikutumwa kabisa, hata kama kila tarakimu ni sahihi. Hii hurudisha watu nyuma mwezi mzima, na siku 30 zikiisha hazirudi.

5. Kama barua bado haijaja, lakini ritani ya sifuri ilishapita, tuma 1040-X (ritani ya marekebisho) kwa kila mwaka. Kwenye nafasi ya maelezo sentensi moja yatosha: unarekebisha ili kuingiza mshahara wote wa W-2. Usijieleze kuhusu mwuzaji wala Katiba.

6. Kama hukufaili kabisa, sera ya kawaida ya IRS ni kutaka ritani za miaka sita iliyopita. Anza na zile za miaka mitatu ya karibuni kama ulikatwa kodi, maana pesa ya kurudishiwa hupotea ukipitisha miaka mitatu. Kama IRS imeshakutengenezea ritani mbadala, tuma yako hata hivyo. Yao hukuhesabu kama mtu asiye na mwenzi wala watoto, au uliyeoa lakini unafaili peke yako, na haihesabu gharama za biashara yako.

7. Lipa unachoweza, kisha omba mpango wa malipo mtandaoni au kwa fomu 9465. Deni lisilozidi dola 50,000 kwa kawaida hupangwa kwa awamu za kila mwezi bila kufunguliwa vitabu vyote vya nyumbani. Mpango huo pia husaidia pasipoti ya Marekani: deni likivuka kiwango cha sheria, kilichoanza dola 50,000 na hupandishwa kwa mfumuko wa bei, pasipoti inaweza kukataliwa, ila si kwa aliye kwenye mpango wa malipo na anayeutimiza.

8. Kama adhabu ya 6702 ilishatozwa, ukishafaili ritani zote na kulipa au kuweka mpango, tuma fomu 14402. Inaweza kuzishusha adhabu zote za aina hiyo ambazo hazijalipwa hadi dola 500. Ni mara moja tu maishani, kwa hiyo usiitume kabla ya kusafisha miaka yote.

Ukiwa na jambo la kweli la kubishania

Adhabu ya 5,000 hutozwa moja kwa moja. Kodi yenyewe IRS ikiongeza, sharti ikutumie kwanza notisi ya siku 90 (150 kama uko nje ya nchi). Ndani ya siku hizo unaweza kwenda Mahakama ya Kodi bila kulipa kwanza. Ada ni dola 60, na mtu wa kipato kidogo anaweza kuomba isamehewe. Kama kinachobishaniwa hakizidi dola 50,000 kwa mwaka mmoja, chagua utaratibu wa kesi ndogo: kanuni ni nyepesi, unaweza kujisimamia, ila hakuna rufaa. Siku zikipita, njia inayobaki ni ndefu na ya gharama.

Kwenye ombi andika hesabu. "IRS imeniweka kuwa peke yangu, nina watoto wawili wanaoishi nami, na barua za shule ninazo." "Wamehesabu dola 71,000 za 1099 bila kutoa mafuta, bima na ukodi wa lori." Hayo jaji anayasikiliza, na mara nyingi wakili wa IRS humaliza kwa simu kabla ya tarehe. Ukichanganya na aya moja tu ya nadharia, umewapa sababu ya kuomba faini ya kifungu cha 6673, ambayo hufika dola 25,000. Kwa kawaida jaji huonya kwanza. Anayeendelea baada ya onyo ndiye anayetozwa.

Hivyo hivyo kwa ombi la kusikilizwa kabla ya mali kukamatwa, fomu 12153: lina siku 30, na ukiandika hoja za kipuuzi ndani yake ni dola 5,000 nyingine, isipokuwa ukiliondoa ndani ya siku 30 baada ya kuarifiwa.

Usiende peke yako kama kipato chako kiko chini ya asilimia 250 ya kiwango cha umaskini cha shirikisho. Kliniki za walipakodi wa kipato cha chini, zijulikanazo kama LITC, hukusimamia bure au kwa ada ndogo sana, hazimo ndani ya IRS, na nyingi hupata mkalimani. Orodha iko kwenye chapisho la IRS namba 4134. Kliniki hupokea kesi yenye dola zisizozidi 50,000 kwa mwaka, kwa hiyo usisubiri adhabu zilimbikize.

Kama ni mtayarishaji aliyekufanyia

Wapo watu wanaotayarisha ritani kwenye vyumba vya nyuma ya maduka, wakachukua sehemu ya pesa inayorudishwa, na hawatii saini. Mtayarishaji anayelipwa lazima asaini na aandike namba yake ya utambulisho iitwayo PTIN. Ritani isiyo na jina lake ni yako peke yako. Usione haya kuomba nakala: angalia mstari wa mshahara, idadi ya watoto, na akaunti ya benki ambayo pesa itaingia. Kama alibadilisha ritani bila ridhaa yako, tuma fomu 14157 pamoja na 14157-A na maelezo yaliyosainiwa. Mwenye kuuza nadharia kwenye semina huripotiwa kwa fomu 14242.

Usimhurumie kupita kiasi. Irwin Schiff, aliyeuza nadharia hizi kwa miongo kadhaa, alihukumiwa zaidi ya miaka 13 mwaka 2006 na akafia kifungoni mwaka 2015. Katika kesi ya mwigizaji Wesley Snipes, aliyetumia hoja ya 861 na kupewa miaka 3 kwa kutofaili, yule aliyekuwa akiisambaza, Eddie Ray Kahn, alipewa 10.

Njia zilizoandikwa kweli

Dereva wa 1099 anayetunza risiti hupunguza kodi kwenye Schedule C (fomu ya biashara binafsi) kuliko semina yoyote itakavyompunguzia. Mwanafunzi wa viza ya F-1 kwa kawaida si mkaazi wa kodi katika miaka yake mitano ya kwanza, na kwa kazi aliyoruhusiwa hakatwi Social Security; huyo 1040-NR ni haki yake. Raia wa Marekani aliyerudi kuishi Nairobi au Dar es Salaam bado anafaili, maana uraia unamfuata popote tangu hukumu ya Cook ya mwaka 1924. Lakini kifungu cha 911 kinamruhusu kutoa mshahara wa nje hadi dola 126,500 kwa mwaka 2024, kwa fomu 2555, akiwa amekaa nje siku 330 ndani ya miezi 12 au amekuwa mkaazi halisi wa huko kwa mwaka mzima wa kalenda. Kama analipa kodi KRA au TRA, fomu 1116 inamwezesha kuikata kwenye ya Marekani kwa mapato ambayo hakuyatoa kwa 2555, hayohayo hayahesabiwi mara mbili.